Kwa Nini Waingereza Hawasemi Kiingereza cha Namna Moja

Watu wengi waliojifunza Kiingereza darasani hudhani ya kuwa Waingereza wote husema sawasawa, kama vile fedha ya nchi moja ilivyo na sura moja. Mwanafunzi hujifunza maneno, akasoma vitabu, akashinda mtihani. Kisha siku moja hukutana na baharia wa Newcastle, au fundi wa Glasgow, au mkulima wa Somerset, asielewe hata nusu ya maneno yake. Hapo hufikiri mojawapo ya mambo mawili: ama yeye mwenyewe hakujifunza vizuri, ama yule mgeni ni mtu asiye na elimu, anayeiharibu lugha ya kwao. Mawazo hayo yote mawili si sahihi.

Kweli ni hii, kwamba Kiingereza kina lahaja nyingi, na kila lahaja ina asili yake. Mtu wa Newcastle hakujaribu kusema kama mtu wa London akashindwa. Amerithi maneno na sauti za babu zake, nao hawakupata kusema kama watu wa London tangu siku ile Kiingereza kilipofika katika kisiwa kile. Somo hili laeleza jinsi mambo hayo yalivyotokea, na faida ya kuyajua.

LAHAJA NA LAFUDHI

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu juu ya lahaja. Mtu wa Unguja husema nchi, wa Mombasa husema nti. Wa Unguja humwita mwenzake kwa kusema njoo, wa Mombasa husema ndoo. Na huko Lamu hesabu huanza kwa moya, si kwa moja. Hapana mtu mwenye akili asemaye ya kwamba watu wa Lamu ni Waunguja walioharibika ulimi. Kila mji una usemi wake, nao ni wa tangu zamani.

Lakini yafaa kutofautisha mambo mawili. Lafudhi ni sauti tu. Watu wawili waweza kusoma barua ile ile, neno kwa neno, na masikio yakatambua mara moja ya kuwa mmoja ni wa kaskazini na wa pili ni wa kusini. Lahaja ni zaidi ya sauti, maana ina maneno yake na sarufi yake pia. Huko Uingereza mambo hayo mawili yapo yote, nayo ni mengi kupita ukubwa wa nchi. Kutoka London hata Newcastle kwa gari la moshi si mwendo wa kufikia ule wa Mombasa na Nairobi. Walakini mzee wa shamba wa upande mmoja na mzee wa shamba wa upande wa pili waliweza kukaa meza moja wakaelewana kwa shida.

MAKABILA YALIYOVUKA BAHARI

Hapo kale Kiingereza hakikuwako Uingereza. Wenyeji wa kisiwa kile walisema lugha za jamii moja na Kiwelshi cha leo, na Warumi waliwatawala tangu mwaka 43 baada ya kuzaliwa Kristo hata yapata mwaka 410. Warumi walipoondoka, watu wa pwani za nchi ambazo leo ni Ujerumani, Denmark na Uholanzi wakavuka bahari kwa vyombo vyao, wakapigana, wakajenga, wakalima. Bede, mtawa wa Jarrow aliyemaliza kuandika historia yake mwaka 731, alisema ya kuwa wageni hao walikuwa mataifa matatu. Waangli walikaa kaskazini na katikati. Wasaksoni walikaa kusini. Wajuti walikaa Kent, katika pembe ya kusini mashariki. Jina England, maana yake nchi ya Waangli, latokana na taifa la kwanza katika hayo matatu.

Mataifa hayo yalikuwa ndugu, na semi zao zilikaribiana, lakini hazikuwa usemi mmoja. Kwa hiyo tangu mwanzo Kiingereza kilikuwa cha namna nne: kile cha Northumbria, kaskazini ya mto Humber, kile cha Mercia, katikati ya nchi, kile cha Wessex, kusini magharibi, na kile cha Kent. Hakuna wakati wo wote Kiingereza kilipokuwa kimoja, kisha kikavunjika. Kilifika mashuani kikiwa kimekwisha gawanyika.

Kutokana na usemi wa Northumbria kilizaliwa pia Kiskoti cha nchi za chini za Uskoti. Waskoti walikuwa na mfalme wao, mahakama zao na washairi wao, hata mwaka 1603 mfalme wao James alipopata na kiti cha enzi cha Uingereza. Ndiyo sababu usemi wao ulikua peke yake. Mskoti asemapo “ken”, akitaka kusema kujua, atumia neno la Kiingereza la zamani sana ambalo huko London limekwisha kuachwa katika mazungumzo ya kila siku.

WAGENI KUTOKA DENMARK NA NORWEI

Mwaka 793 majahazi ya Waviking, watu wa Norwei na Denmark, yalitokea pwani ya kaskazini wakateka nyara nyumba ya watawa ya Lindisfarne. Mwaka 866 jeshi lao kubwa liliuteka mji wa York. Mfalme Alfred, aliyetawala Wessex tangu mwaka 871 hata mwaka 899, aliwashinda katika vita, lakini hakuweza kuwafukuza nchini. Basi nchi iligawanywa. Upande wa kaskazini na mashariki ukawa chini ya sheria ya Waviking. Wengi wao wakaweka silaha chini, wakashika majembe, wakaoa binti za wenyeji.

Usemi wao na Kiingereza cha siku zile vilikuwa vya jamii moja, hata mtu aliweza kukisia maneno ya jirani yake, kama Mkikuyu awezavyo kukisia maneno ya Mkamba. Watoto waliozaliwa katika nyumba hizo walisikia semi mbili, wakachukua huku na huku. Alama zake zipo hata leo. Miji ambayo majina yake yaishia kwa “by”, kama vile Whitby, Grimsby na Derby, ilipewa majina hayo na wageni hao, kwa maana “by” kwao ni mji au kijiji. Huko York njia nyingi huitwa “gate”, neno ambalo mwanafunzi hufundishwa kwamba maana yake ni lango. York si lango. Ni neno la Waviking lenye maana ya njia, na malango ya ukuta wa mji huo huitwa “bar”. Kijito cha maji katika kaskazini huitwa “beck”. Mtoto huitwa “bairn”. Na watu wa Denmark na Norwei hata leo humwita mtoto “barn”. Neno hilo lilikuwamo katika Kiingereza cha kale pia. Kusini likapotea, bali kaskazini likadumu, huko ambako wageni walikuwa nalo.

Maneno mengine yalishuka kusini pole pole hata yakawa mali ya Waingereza wote. “Sky”, yaani mbingu. “Skin”, yaani ngozi. “Window”, yaani dirisha. “Husband”, yaani mume. Hata neno dogo “they”, yaani wao: yote hayo yalitoka kwa Waviking. Mtu asemaye Kiingereza safi kabisa cha London hawezi kumaliza dakika chache bila kutumia maneno ambayo babu zake wa kusini wangaliyaita maneno ya kishenzi ya watu wa kaskazini.

MAYAI YA KENT

Mwaka 1066 Wanormani walivuka kutoka Ufaransa wakaishinda Uingereza. Kwa muda wa karibu miaka 300 baada ya hapo, Kifaransa kilikuwa ndicho lugha ya wakuu na mahakama, na Kilatini kilikuwa lugha ya kanisa na elimu. Kiingereza kilibaki kwa wakulima na mafundi. Hapakuwa na mkubwa wa kukikusanya. Kila wilaya ilisema, na kila mwandishi akaandika, kama walivyozoea kwao. Mwaka 1387 kasisi John Trevisa, aliyekaa kusini magharibi, alimaliza kufasiri kitabu kikubwa cha historia, na ndani yake mna malalamiko ya kuwa usemi wa watu wa kaskazini, hasa wa York, wakwaruza masikio hata watu wa kusini hawauelewi. Sababu iliyotolewa ni kwamba wafalme hukaa kusini, mbali na watu hao. Maneno hayo yafaa kukumbukwa, maana yaonyesha mapema sana desturi ya kupima usemi wa mtu kwa umbali wake kutoka kiti cha mfalme.

Shida iliyokuwako yaonekana wazi katika hadithi iliyoandikwa na William Caxton, mtu wa kwanza kuleta mtambo wa kupiga chapa Uingereza. Mtambo wake aliuweka Westminster mwaka 1476. Katika dibaji ya kitabu kimoja cha mwaka 1490 alieleza habari za wafanya biashara waliokuwa wakisafiri kwa mashua katika mto Thames, wakienda Zeeland, ng’ambo ya bahari. Upepo ukakosekana, wakashuka pwani ya Kent kutafuta chakula. Mmoja wao akabisha katika nyumba ya mwanamke fulani, akaomba chakula, na zaidi akaomba mayai, akiyaita “egges”. Yule mama akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mfanya biashara akakasirika, kwa kuwa hata yeye hakujua Kifaransa; alikuwa akisema Kiingereza! Mwenzake akaingia kati, akasema wanataka “eyren”. Hapo mama akaelewa mara moja.

“Egges” lilikuwa neno la Waviking lililoshuka kutoka kaskazini. “Eyren” lilikuwa neno la kale la kusini. Caxton akauliza swali gumu: mpiga chapa aandike lipi, ili watu wote wamwelewe? Kabla ya mtambo, swali hilo halikuwa na uzito, kwa maana kila mwandishi alinakili kwa mkono wake, kwa watu wa karibu yake. Lakini mtambo hutoa mamia ya vitabu vilivyo sawa, navyo huuzwa nchi nzima. Lazima neno moja lichaguliwe, na lile linaloachwa hufa polepole. Leo hakuna Mwingereza wa kawaida alijuaye neno “eyren”, hata huko Kent.

Caxton, makarani wa serikali na wapiga chapa waliofuata walitumia Kiingereza cha London. Hawakukichagua kwa kuwa ni kitamu zaidi, wala kwa kuwa sarufi yake ni bora. London ndiko kulikokuwa na baraza la mfalme, mahakama, bandari na fedha. Na kwa kuwa watu wengi wa nchi za katikati walihamia huko kutafuta kazi, usemi wa mji huo ulikuwa mchanganyiko ulioeleweka na watu wengi. Hivyo ndivyo lahaja moja miongoni mwa lahaja ilivyopata bahati ikawa Kiingereza cha vitabu.

SAUTI ZILIZOHAMA

Mwanafunzi wa Kiingereza hulalamika kwamba maneno yameandikwa hivi na kusomwa vile. Sababu mojawapo kubwa ni hii. Kati ya mwaka 1400 na mwaka 1700 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilihama mahali pake kinywani. Zamani zilikuwa karibu na irabu za Kiswahili. Neno “name” lilisomwa karibu kama Mswahili angalivyolisoma, na-me, na “time” likasomwa ti-me. Sauti zikahama, lakini wapiga chapa walikuwa wamekwisha zoea maandishi ya zamani, yakabaki vile vile hata leo.

Tena hazikuhama kila mahali. “House”, yaani nyumba, zamani lilitamkwa hus, kwa u iliyovutwa. Kusini sauti hiyo ikageuka ikawa haus. Lakini Uskoti na katika pembe ya kaskazini ya Uingereza haikugeuka. Wazee wa huko waliendelea kusema hus kwa nyumba, dun kwa chini, na tun kwa mji. Hata leo mashabiki wa timu ya mpira ya Newcastle huiita timu yao “Toon”, yaani Mji, kwa sauti ile ile ya kale. Hapa basi mwenye lafudhi ya shamba ndiye aliyehifadhi, na mwenye lafudhi ya mji mkuu ndiye aliyebadilisha.

Ziko alama nyingine tatu ambazo msikilizaji aweza kuzitumia ili kujua asili ya msemaji. Ya kwanza ni neno “cup”, yaani kikombe. Mtu wa kaskazini hulitamka kwa u iliyo karibu na ile ya kuku. Wa kusini hulitamka kwa sauti iliyo karibu na a. Ile ya kaskazini ndiyo ya zamani. Watu wa kusini waliigeuza katika karne ya 17. Ya pili ni neno “bath”, yaani kuoga. Wa kusini huivuta a ikawa ndefu, desturi iliyokua katika karne ya 17 na ya 18. Wa kaskazini huikata ikawa fupi, kama zamani. Ya tatu ni r. Katika neno “farm”, yaani shamba, Mskoti, mtu wa Ayalandi na mkulima wa kusini magharibi hutamka r yenyewe. Mtu wa London haitamki. Huvuta a tu. John Walker, aliyetoa kamusi ya matamshi mwaka 1791, aliona ya kuwa r hiyo ilikuwa imelegea sana midomoni mwa watu wa London. Waafrika waliosoma kwa walimu Waskoti, kama wale wa misheni iliyoanzishwa Kikuyu mwaka 1898, walipata kuisikia r ya kale, nayo haikuwapa taabu, kwa kuwa yafanana na ile ya lugha zao wenyewe.

KIINGEREZA KILICHOVUKA BAHARI

Waingereza walipohama waliondoka na sauti za siku ile. Walioanzisha mji wa Jamestown huko Marekani mwaka 1607 waliondoka zamani kabla r haijapotea London. Kwa hiyo Wamarekani walio wengi huitamka mpaka leo, na Mwingereza akiwacheka, acheka sauti ya mababu zake. Kadhalika Wamarekani huyaita majira ya majani kupukutika “fall”, neno lililotumika Uingereza kwenyewe zamani kabla ya kuachwa. Australia mambo yalikuwa mengine. Makao ya kwanza ya Waingereza yaliwekwa huko mwaka 1788, na wengi wa wale wafungwa na askari walitoka London na wilaya za kusini mashariki, pamoja na watu wengi wa Ayalandi waliofuata. Watoto wao wakachanganya semi za wazazi, wakapata lafudhi mpya. Nayo haina ile r, maana wakati ule London ilikuwa ikiiacha.

Watu wa Ayalandi, ambao lugha yao ya asili si Kiingereza, walikipokea Kiingereza wakakitia katika kalibu ya lugha yao. Mtu wa huko akitaka kusema kwamba amekwisha kula sasa hivi, huweza kusema kwa Kiingereza maneno yenye maana ya kuwa “yuko baada ya kula”, kwa sababu ndivyo lugha ya mababu zake inavyopanga maneno. Njaa kubwa ilipoanza kwao mwaka 1845, maelfu kwa maelfu walivukia Liverpool. Watu walipohesabiwa mwaka 1851, zaidi ya mmoja katika kila watano wa mji huo alikuwa amezaliwa Ayalandi. Ndiyo sababu usemi wa Liverpool haufanani na ule wa vijiji vinavyouzunguka. Watu wa mji huo huitwa “Scouse”, jina la chakula cha mabaharia cha nyama na viazi kilichochemshwa pamoja. Nalo ni jina lifaalo, kwa kuwa usemi wao nao umechemshwa katika chungu cha bandari.

JINSI USEMI ULIVYOFANYWA AIBU

Kwa muda mrefu mtu aliweza kuwa mkuu na kusema kama watu wa kwao. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi mashuhuri ya mwaka 1755, alizaliwa Lichfield, katikati ya nchi, na sauti za Lichfield hazikumtoka ingawa alikaa London miaka mingi. Lakini katika karne ile ile wenye mali walianza kuona haya. Mwaka 1761 Thomas Sheridan, mtu wa Ayalandi, alikwenda Edinburgh akatoa mafunzo ya kuwafundisha mabwana wa Uskoti jinsi ya kusema kama watu wa London. Walilipa, wakaketi, wakasikiliza. Na mwalimu mwenyewe hakuwa Mwingereza!

Katika karne ya 19 shule za bweni za matajiri zilikusanya vijana kutoka pande zote, nao wakatoka humo na lafudhi moja isiyo ya mji wo wote. Ikawa ndiyo lafudhi ya maofisa, makasisi na mahakimu. Baada ya sheria ya mwaka 1870 shule za watoto wa watu wote zilienea, na humo watoto wengi walikaripiwa kwa kutumia maneno ya nyumbani kwao, wakaambiwa ni makosa. Shirika la utangazaji la BBC, lililoanzishwa mwaka 1922, liliunda kamati mwaka 1926 ya kuamua matamshi ya watangazaji. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa George Bernard Shaw, naye alikuwa mtu wa Ayalandi.

Wakati wa vita kuu vya pili, mwaka 1941, Wilfred Pickles, mzaliwa wa Halifax katika Yorkshire, aliwekwa kusoma habari za taifa zima redioni kwa lafudhi ya kwao. Habari zilikuwa zile zile, za kweli vile vile, lakini wasikilizaji wengine walilalamika. Sikio lililozoea kusikia kweli kwa sauti moja hukataa kuisikia kwa sauti nyingine. Hapo ndipo madhara ya jambo hili yalipo. Shahidi mahakamani, mtu aombaye kazi, mtoto ajibuye darasani, kila mmoja wao aweza kupimwa kwa lafudhi yake kabla maneno yake hayajapimwa.

MTOTO WA PUNDA ALIYEKUWA PROFESA

Mtu aliyejibu dharau hiyo kwa kazi yake alikuwa Joseph Wright. Alizaliwa karibu na Bradford katika Yorkshire mwaka 1855, katika nyumba ya maskini. Alipokuwa na umri wa miaka sita alifanya kazi ya kuongoza punda, akipeleka zana za wachimba mawe kwa mhunzi zikanolewe. Baadaye aliajiriwa katika kiwanda cha sufi, akawa mmoja wa watoto waondoao vijiti vilivyojaa nyuzi katika mitambo na kuweka vitupu. Alifika umri wa miaka 15 asijue kusoma gazeti. Ndipo alipoanza kujifundisha mwenyewe, akaenda shule ya usiku, kisha akafungua shule yake ndogo ya usiku kwa wenzake wa kiwandani.

Mwaka 1876, akiwa na akiba yake, alivuka kwenda Ulaya bara akatembea kwa miguu kutoka Antwerp hata Heidelberg, Ujerumani, ili asome. Mwaka 1885 alipata shahada ya udaktari, na mwaka 1901 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1892 alikuwa ametoa kitabu cha sarufi ya usemi wa Windhill, kijiji alikokulia. Alionyesha ndani yake ya kuwa usemi wa watoto wa kiwandani una kanuni zake, na kanuni hizo zaweza kufuatwa mpaka kwenye Kiingereza cha kale. Kisha kati ya mwaka 1898 na mwaka 1905, akisaidiwa na mamia ya watu waliomletea maneno kutoka kila pembe, alitoa kamusi ya lahaja za Kiingereza katika juzuu sita. Wala hakuificha lafudhi ya Yorkshire hata alipokuwa Oxford.

Kazi hiyo iliendelezwa na Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds pamoja na Eugen Dieth wa Zurich. Tangu mwaka 1950 hata mwaka 1961 wasaidizi wao walikwenda katika mahali 313 wakiwa na maswali zaidi ya 1,300. Waliwatafuta wazee, hasa wakulima wasiopata kuhama vijiji vyao, wakawauliza majina ya vyombo, wanyama, magonjwa na kazi za shamba, wakayaandika vile vile yalivyotamkwa. Walijiharakisha, kwa sababu redio, shule na magari vilikuwa vikiwachanganya watu, na maneno mengi yalikuwa karibu kuzikwa pamoja na wazee hao.

FAIDA YA SOMO HILI

Mtu aweza kuuliza: ikiwa hakuna lahaja iliyo bora kwa asili, je, yafaa kuacha Kiingereza cha vitabu? La. Mama wa Kent na mfanya biashara wa mtoni walihitaji neno moja la kuelewana, na taifa lo lote lenye vitabu, sheria na barua hulihitaji zaidi. Waswahili nao walilijua jambo hilo. Mkutano uliofanywa Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Haukusema ya kuwa Kimvita na Kiamu ni makosa. Na washairi wa Mombasa na Lamu waliendelea kutunga kwa semi zao. Tofauti ni kwamba kwa Kiswahili tarehe ya kuchagua yajulikana, bali kwa Kiingereza hakuna mkutano uliofanywa; kiti cha mfalme, bandari na mtambo wa chapa ndivyo vilivyochagua.

Basi anayejifunza Kiingereza na ajifunze kile cha vitabu kwa bidii, kwa kuwa ndicho kifunguacho milango mingi. Na aseme kwa sauti iliyo wazi, taratibu, bila kujitaabisha kuiga pua na midomo ya watu wa London. Maana hata Waingereza walio wengi hawasemi hivyo. Akikutana na mtu ambaye Kiingereza chake ni kigeni masikioni mwake, asimcheke, wala asijidharau. Amwombe arudie, asikilize, na pengine atasikia neno ambalo baharia wa Denmark alilileta pwani ile zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Na arudipo nyumbani, akamsikia bibi yake akitumia neno la kale ambalo halimo katika vitabu vya shule, asilisahihishe. Aliandike.